Matuta Yanayopumua

Nyuma ya mlango wa Vahwere kulikuwa na mchi wa chuma, umeegemea ukuta, unasubiri. Tangu mvua zilizopita haukuwa umetwanga kitu, lakini haukuchoka kusubiri. Kila jioni alipofunga mlango, mchi ulimgusa bega kidogo, kama mtu anayekumbusha: miye niko hapa.

Watu wa Mbunya, mtaa wake wa Bunia, walimwita Mama Tina, kwa jina la binti yake. Kule Mongbwalu, walikoishi zamani karibu na mashimo ya dhahabu, aliitwa kwa kazi yake tu, mama twangaise, kama wanawake wote waliokaa chini kwa mstari, miguu imenyooshwa, wakitwanga mawe mpaka yawe unga. Jiwe linatoka shimoni mgongoni mwa mwanaume, linaingia kwenye kinu cha mwanamke, linatoka vumbi. Dhahabu kidogo inaenda kwa mwenye shimo. Unga unabaki pale, unakuwa mlima. Na lile vumbi jepesi, lisilotaka kukaa chini, linatafuta kifua cha mtu.

Kamate, mume wake, lilimpata. Lilijaa ndani yake polepole kama mchanga unavyojaa kwenye kiatu, mpaka kifua kikakataa kupokea hewa nyingine. Vahwere alimzika kule, kisha akashuka Bunia na Tina, na mchi wake, na kikohozi chake mwenyewe ambacho kilikuwa bado kidogo, kikohozi cha asubuhi.

Daktari wa Bunia alimweka chombo mgongoni, akasikiliza kushoto na kulia.

"Mama, haijaharibika sana," akamwambia. "Lakini ukirudia ku vumbi, hii kifua haitakusamehe."

Vahwere aliitikia. Aliporudi nyumbani aliutazama mchi, na mchi ukamtazama. Mtu akikatazwa kazi moja anayoijua, atakula nini? Maneno ya daktari?

Kazi ya matuta ilimjia kama kitu kinachokuja usingizini. Karibu na nyumba yake kulikuwa na kiwanja cha mtu aliyetaka kujenga, akaishia kwenye uzio wa mabati. Siku moja malori yakaja pale, yakamwaga unga wa mawe, mweusi unaoelekea kijani. Vahwere alikuwa anapita na bidoni ya maji. Akasimama. Aliujua unga ule kama mtu anavyojua harufu ya nguo zake. Ulikuwa unga wa kule juu, unaobaki dhahabu ikishatoka, usiotakiwa na mtu.

"Nani alitoa pesa ya mafuta juu ya kubeba takataka?" akauliza kwa sauti, bila kumuuliza mtu.

Kijana mrefu mwenye miwani alicheka. Huyo alikuwa Gérard, mtu wa chuo, ambaye watu walikuja kumwita Enjenia. Akamuuliza kama anakaa karibu. Akamuuliza kama anaweza kumwagilia. Hivyo tu, Vahwere akapata kazi.

Waliutandaza ule unga kwa matuta marefu, kama matuta ya viazi vitamu, na Vahwere akapewa arozwari, kopo la kumwagilia, na ufunguo wa mlango. Siku ya kwanza alishindwa kunyamaza.

"Enjenia, tunapanda nini hapa?"

"Hatupandi kitu, mama. Tunalalisha hewa."

Vahwere alimtazama kuona kama amelewa. Hakuwa amelewa. Gérard alichuchumaa, akachota unga mkononi.

"Iko hewa moja mubaya. Inatoka mu moto, mu pikipiki, mu ndege, mu makala ya kupikia. Inapanda kule juu, inafunika dunia sawa vile bulangeti, dunia inashikwa na joto. Njo maana mvua siku hizi haijue tena wakati wake. Sasa hii mawe, juu balishaitwanga ikakuwa unga, iko na njaa ya ile hewa. Ukiitandika muzuri, ukiilowanisha, inaikula polepole. Hewa inalala ndani, inageuka jiwe. Haitoke tena."

"Na pumzi ya mutu?"

"Ata pumzi ya mutu. Ile tunatoa mu pua, njo hiyo hewa."

Vahwere aliinua arozwari, akarudi kumwagilia. Lakini neno lile liliingia ndani yake na kukaa.

Tangu siku hiyo alianza kuona mambo. Si kwamba alilala. Mchana, akimaliza kumwagilia, alikaa kwenye kivuli cha mabati, mgongo kwenye nguzo, na macho yakawa mazito, na Bunia ikawa mbali kama redio ya jirani. Hapo aliona matuta yanapanda na kushuka, polepole, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Yanapumua. Kisha moshi wote wa mji unaanza kushuka: moshi wa majiko ya makaa, moshi wa tanuru za matofali, moshi wa pikipiki za barabara kubwa, mmoja baada ya mwingine, bila kusukumana, kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa. Hata moshi wa nyumba zilizochomwa miaka ile ya vita, moshi ambao watu wa njia ya Bogoro waliingia nao mjini kwenye nguo zao, nao ulikuja. Ukapiga magoti, ukalala.

Mwisho kabisa alikuja Kamate. Hakuwa na mwili, alikuwa pumzi tu, lakini alivaa buti zake za plastiki za shimoni. Alitembea kati ya matuta akitafuta fasi, mahali pa kulala.

"Hapa kuko muzuri?" akauliza.

"Lala tu," Vahwere akamjibu. "Nilishamwangia maji."

Alipozinduka, arozwari ilikuwa imelala ubavuni mwake, na mbuzi wa jirani alikuwa juu ya tuta la mwisho anamtazama kama mtu aliyesikia yote.

Nje ya mlango wa kiwanja, Adeline alikaanga mandazi. Adeline alikuwa mnene, mweupe wa meno, na mdomo wake haukuwa na kifuniko.

"Mama Tina! Viazi yako iliota?"

"Bado."

"Aa! Kwetu, mutu akianza kumwangia mawe maji kila siku, tunamupeleka ku maombi. Bachungaji watatu, bamushike kichwa."

"Si mawe, ni hewa niko nalalisha."

"Mungu wangu! Bachungaji watano." Adeline aligeuza mandazi, akafuta jasho. "Na kazi ya namna hiyo, nani analipa?"

"Iko Mufuko moja ya babailleurs, batu benye pesa, kule mbali. Banatoa pesa juu ya utafiti. Banataka bajue kama ile hewa inalala kweli."

"Kumbe batu bananunua moshi?" Adeline alisimamisha mkono. "Na siye tuko nao hapa, bule, kila siku, unatuharibu macho! Bambie bapite ku jiko yangu. Nitabafungia mu sashe ya plastiki."

Vahwere alicheka mpaka akakohoa. Lakini kikohozi kilikuwa kifupi. Vumbi la matuta lilikuwa limelowa, halikuruka. Tina ndiye aliyetambua kwanza.

"Mama, asubuhi ya leo haukukohoa."

Tina alikuwa binti mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Vahwere alimwambia anyamaze, asije akakiamsha.

Mvua zilipoanza kupungua, Gérard alikuja na uso wa mtu aliyebeba kitu kichwani bila kata. Alikaa kwenye bidoni iliyopinduliwa.

"Mama Tina, nikuambie ukweli. Pesa ya kwanza ilikuwa ya kujaribu tu. Sasa ile Mufuko itatuma bageni baone. Bakiona alama kama mawe inakula hewa, bataongeza, tutafanya kazi kubwa, ata kule ku mashimo yenyewe. Ile milima ya unga, bamama bataitandika, bataimwangia maji. Haitapeperuka tena. Bakikosa alama, banafunga."

"Banafunga nini?"

"Hapa. Yote."

Vahwere alitazama matuta. Yalikuwa meusi, yametulia, yanang'aa kwa maji.

"Na miye?"

Gérard alivua miwani, akaifuta kwa shati ingawa ilikuwa safi. Vahwere akalipata jibu humo. Nyuma ya mlango wake, mchi ulikuwa unasubiri.

"Minaenda Kisangani na sampuli," Gérard akasema akisimama. "Nitarudi pamoja na bageni. Uangalie fasi muzuri, mama. Bakute kuko muzuri."

"Batakuta," Vahwere akasema. Na alipotoa neno lile, alilitoa kwa moyo wote.

Jua likashika. Asubuhi ukungu uliotoka upande wa ziwa ulikaa juu ya mji mpaka watu wakapita ndani yake kama vivuli, kisha jua likaunywa wote. Vahwere alimwagilia, matuta yakakauka, akamwagilia, yakakauka. Na asubuhi moja, alipofungua mlango, aliona juu ya matuta weupe. Mwembamba, kama ngozi inayojikunja juu ya maziwa yaliyopoa. Ulikuwa umetambaa juu ya tuta la kwanza na kuanza la pili.

Alirudi nyuma hatua moja. Kule Mongbwalu wanawake wana neno lao. Unga wa mama ukikaa mpaka ukawa mweupe juu, wenzake wanamwambia, "Unga yako imeota mvi." Maana yake ni uvivu: umelala, kazi imekuzeekea mikononi. Ni aibu, na wanawake wa kinu hawasahau aibu ya mwenzao. Vahwere alitazama nyuma kuona kama Adeline anachungulia. Kisha akaenda nyumbani, akaleta ufagio wake laini, ule wa majani, akafagia weupe ule wote kwa mkono mwepesi, mpaka matuta yakarudi meusi kama siku ya kwanza.

Kesho yake weupe ulikuwa umerudi. Akafagia. Kesho kutwa ukarudi. Ikawa ndiyo kazi ya alfajiri, kabla ya chai: kufagia mvi za matuta. Aliona huruma kidogo, kama mama anayemchana mtoto nywele kwa nguvu. "Tulia," aliyaambia. "Bageni banakuja. Unataka bakute uko muchafu?"

Na alichofagia hakukitupa. Hilo lingekuwa dhambi. Kule kwenye vinu kuna desturi ambayo hata mwenye shimo mkali haivunji: cha ufagio ni cha mama. Unga uliomwagika pembeni ya kinu, mwanamke akiufagia, ni wake. Anauweka kwenye gunia, na siku ya mapumziko anaushusha mtoni, anauosha kwenye beseni, na mara nyingine, chini kabisa, inabaki punje inayong'aa, yake mwenyewe. Kwa punje za namna hiyo Vahwere alimnunulia Tina viatu vya kanisani. Basi weupe wa matuta ukaingia gunia, gunia likalala chini ya kitanda, na chini ya kitanda kulikuwa na unyevu, kwa sababu ndipo alipoweka bidoni zake za maji.

Gérard alipiga simu mara moja, sauti yake ikiingia na kutoka.

"Mama, kuko namna gani?"

"Kuko safi, Enjenia! Safi kabisa!"

Alimsikia Gérard anavuta pumzi kule mbali, kisha mtandao ukakatika.

Siku ya wageni ikafika. Vahwere alifagia matuta mara mbili. Alifagia kiwanja, alifagia mbele ya mlango, alifagia mpaka mbele ya jiko la Adeline, ambaye aliinua miguu na kusema, "Fagia na miye, labda nitapungua." Alivaa kitenge chake kizuri. Alipotazama ndani ya nyumba aliona lile gunia limetokeza chini ya kitanda kama mguu wa mlevi, akaona aibu, maana wageni wanaweza kuomba maji.

"Tina, beba ile gunia ku muto Nyamukau. Uioshe polepole, usikilize maji. Ukipata kitu, njo kilemba ya Noeli."

Tina aliweka beseni kichwani, gunia juu yake, akaenda akiimba.

Gari lilisimama penye jiko la Adeline. Gérard alishuka wa kwanza, na pamoja naye mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na nywele fupi zenye mvi, na nyuma yao bwana mmoja mwenye mashine ya kupiga picha. Mwanamke alimsalimia Vahwere kwa mikono miwili.

"Miye Angèle, mama. Natoka ku Mufuko, lakini nilizaliwa Beni. Banasema weye njo mwenye kulalisha hewa."

"Karibuni. Kuko safi."

Gérard alikuwa ameshapita. Alisimama mbele ya tuta la kwanza, akaenda la pili, akaenda la mwisho. Alipiga magoti akapitisha kiganja juu ya unga. Mgongo wake, uliokuwa umenyooka wakati anashuka gari, uliinama kama mti uliolowa mvua.

"Haikuja," akasema.

Madame Angèle alichuchumaa naye. Alikuwa mtu wa polepole. Alichota, akachungulia, akaacha udondoke.

"Jua ilikuwa kali?"

"Kali sana," Vahwere akajibu.

"Na maji balitia?"

"Nilitia kila siku!" Vahwere akadakia. "Muulizeni Adeline."

"Kila siku!" Adeline akaita kutoka nje ya mlango. "Ata siye tulikuwa tunamuombea!"

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alishusha mashine yake. Madame Angèle alipangusa mikono, akasema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba utafiti ndivyo ulivyo, mara nyingine jiwe linakubali, mara nyingine linakataa. Kwamba kuna watu wa sehemu nyingine wanaongojea pesa hiyo hiyo wajaribu mawe yao. Kwamba Enjenia asivunjike moyo.

Vahwere aliyasikia kama maneno yanayosemwa chini ya maji. Matuta yake yalikuwa yametulia, safi, bila kosa. Aliusikia mchi nyuma ya mlango, ingawa nyumba ilikuwa nje ya uzio. Alisikia kifua chake.

"Enjenia," akasema, "nini ilipaswa kuja?"

"Weupe, mama." Gérard hakuinua uso. "Ngozi nyeupe, sawa vile chokaa. Hewa ikigeuka jiwe, inatoka juu vile. Nilipaswa kukuambia. Nilijisemea itakuwa furaha yangu kukuonyesha."

Kwa muda mfupi dunia ilisimama. Nje mafuta ya Adeline yalichemka. Vahwere aliona njia mbili mbele yake, na mojawapo ilikuwa rahisi: kunyamaza. Hakuna aliyejua. Angelia nao, angeagana nao, angebaki mwanamke safi asiye na bahati. Na njia nyingine ilikuwa kusema mbele ya wageni, mbele ya Adeline, kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioharibu. Alitazama matuta. Akamwona Kamate akitembea katikati na buti zake, akitafuta fasi, na yeye Vahwere akija nyuma yake na ufagio.

"Ilikuja," akasema. "Ilikuwa inakuja kila asubuhi. Niliifagia."

Gérard aligeuka.

"Uliifagia?"

"Nilifikiri ni mvi. Nilifikiri ni uchafu. Bageni banakuja, Enjenia, nitaacha aje bakute fasi iko chafu?" Sauti yake ilipasuka. "Ulisema bakute kuko muzuri!"

"Yesu Maria!" Adeline akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Madame Angèle alikuwa amesimama. Alimtazama Vahwere kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua kidogo.

"Mama," akasema, "ile ulifagia, ulitupa wapi?"

"Miye? Kutupa?" Vahwere alishangaa. "Cha ufagio hakitupwi."

Na hapo akakumbuka. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Beseni. Tina. Maji yanayozunguka, na kila kilicho chepesi kikipita ukingoni mwa beseni na kwenda zake na mto.

"Tina iko ku Nyamukau! Iko anaiosha!"

Alikimbia. Alikimbia na kitenge chake kizuri, viatu vikabaki njiani, na nyuma yake Gérard, na nyuma ya Gérard mwanamke wa Mfuko kwa viatu vyake vya kutembelea, na yule bwana na mashine yake, na mwisho Adeline na kijiko cha kugeuzia mandazi, akiuliza watu wote waliokutana naye kama wameona moto. Njia ya kushuka mtoni ilikuwa na vumbi, na Vahwere alilivuta bila kujali. Kifua kiliwaka. Hakusimama.

Mto ulikuwa mdogo kama kawaida ya kiangazi, maji ya rangi ya chai yanapita kati ya mawe na nguo zilizoanikwa. Tina alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu majini, beseni tupu pembeni yake. Tupu. Vahwere alipoiona alikaa chini palepale, kwenye nyasi, kama gunia lililoachiwa.

"Mama?" Tina alishtuka. "Umeona nini? Niko nakuja, bado sijaosha. Haikubali!"

"Haikubali nini?"

"Kuoshwa! Angalia."

Tina aliinua kutoka mapajani kitu cha ukubwa wa mkate, cheupe chenye mishipa ya kijivu, chenye alama za nyuzi za gunia ubavuni. Alikigonga kwa jiwe la mtoni. Kililia kama chungu kizima.

"Niliikuta hivi ndani ya gunia. Nimepiga, nimepiga. Mama, unga yako imekuwa jiwe tena."

Vahwere alikipokea. Kilikuwa kizito na baridi. Miaka yote ya maisha yake mawe yaliingia mikononi mwake yakatoka vumbi. Hakuwahi kuona njia ile ikirudi nyuma. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye alama za gunia.

Gérard alifika akihema. Alitazama, akapiga magoti majini na suruali yake. Akatoa mfukoni kichupa kidogo cha tindikali, chenye kifuniko cha matone.

"Kama ni hewa," akasema polepole, "itatoka, itasema."

Akadondosha tone moja. Mahali lilipoanguka, jiwe lilichemka. Mapovu madogo, mengi, meupe, yalisimama na kupasuka.

"Sikiliza," Madame Angèle akamwambia Vahwere.

Vahwere aliinua lile donge mpaka sikioni. Mto ulikuwa unapita, nguo zilikuwa zinapigwa na upepo, watoto walikuwa wanaitana ng'ambo. Chini ya yote hayo alisikia sauti ndogo, ya mtu anayetoa pumzi aliyoishikilia muda mrefu. Alifumba macho. Pumzi ilitoka, ikatoka, ikaisha.

"Usitie tena," akamwambia Gérard. "Muache alale."

Hakuna aliyemuuliza ni nani.

Walipanda kurudi polepole, kwa sababu ya kifua chake. Njiani Madame Angèle alisema mambo aliyoweza kusema. Kwamba donge moja kutoka chini ya kitanda si kipimo. Hawezi kulipeleka kwa wakubwa wake kama ushahidi kamili, maana weupe uliofagiwa haujulikani umetoka wapi na kwa muda gani. Gérard aliitikia kwa kichwa, alijua. Lakini jiwe limesema, akaendelea, na yeye amelisikia kwa masikio yake. Ataandika kwamba matuta yapewe msimu mwingine mmoja, yaachwe bila kuguswa, yapimwe mahali pake. Baada ya hapo ndipo watazungumza juu ya kazi kubwa.

"Musimu moja," Vahwere akarudia.

"Musimu moja. Na kazi yako, mama, itakuwa ile ile. Maji. Ila ufagio…"

"Naelewa."

"Ufagio upumzike."

Donge lilipasuliwa, nusu moja ikaenda na gari. Nusu nyingine Gérard alimpa Vahwere, naye akaiweka dirishani, mahali ambapo asubuhi jua linagusa kwanza. Mchi aliuhamisha. Hakuutupa, maana msimu mmoja ni msimu mmoja. Aliulaza chini, kwenye kizingiti cha nyuma, uzuie mlango usipigwe na upepo. Ukilala hauwezi kumgusa mtu bega.

Jumapili moja baada ya ibada, Adeline alikuja kumtembelea kwa heshima, na nguo ya heshima, na mandazi ndani ya sashe. Vahwere alimwekea kiti kwenye kivuli cha mabati. Adeline alitazama kiwanja. Weupe ulikuwa umefunika tuta la kwanza, la pili, umeshuka mpaka chini, umejaa majani makavu na nyayo za kuku.

"Mama Tina," akasema kwa sauti ya chini, "miye ni mugeni leo. Haukufagia."

"Sikufagia."

"Ata kidogo?"

"Mikono inaniwasha, Adeline. Unafikiri nini?" Vahwere aliikalia, yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa sukari. "Kula tu. Na usiongee kwa nguvu."

Adeline alifungua sashe, akatafuna. Upepo mdogo ulipita, na unga wa matuta haukuruka. Baada ya muda alisimamisha taya, akainamisha kichwa upande mmoja, macho kwenye matuta.

"Iko nani njo anapumua vile?"

Vahwere alirudisha mgongo kwenye nguzo. Alikuwa ameshafumba macho.